Kidari kilichovunjika na kazi za shamba Bariadi

Mfupa wa kidari haufungiki kwa vijiti. Mganga wa viungo wa Kisukuma aliweza kunyoosha mkono uliovunjika na kuubana kwa vijiti na kamba. Kifuani, tiba ilikuwa kupumzika tu. Hospitali nazo, hadi katikati ya karne ya 20, ziliwalaza majeruhi muda mrefu, na wengi wakapata nimonia au damu kuganda miguuni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliharakisha desturi ya kumwamsha mgonjwa mapema.

Bariadi, Usukumani, ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Rufaa kubwa za majeruhi wake zilielekea Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa 1971.

Siku hizi majeruhi huanza na pumzi: huvuta hewa polepole, na akikohoa hukumbatia mto. Kisha hutembea, akiongeza umbali kidogo kidogo. Kusukuma, kuvuta na kunyanyua husubiri, kwa kawaida wiki 6 hadi 12. Kwa wakulima wa pamba wa Bariadi wanaolima kwa ng'ombe, katazo hilo ni zito kuliko linavyosikika wodini: ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 hivi, na kugeuza plau mwishoni mwa shamba hukaza kifua kizima. Mfupa ukilia au kucheza, homa ikipanda au pumzi ikikata, mazoezi husimama na daktari huonwa.