Soko likijengwa kwa fedha za umma, mwenye kizimba hulipa nini?

Masoko ya katikati ya mji mara nyingi hujengwa na jiji lenyewe, kwa sababu mwekezaji binafsi hupendelea ghorofa la fremu zenye pango kubwa kuliko vizimba vya nguo na nyanya. Kabla ya kuchukua nafasi, uliza kwanza: fedha ya ujenzi ilikuwa ruzuku au mkopo?

Ruzuku hutolewa na serikali kuu bila halmashauri kudaiwa. Mkopo lazima urudishwe na riba yake, na chanzo cha kuurudisha ni pango. Ipo pia misaada isiyotajwa kwa jina hilo, kama kiwanja cha bure au msamaha wa kodi.

Machinga Complex ya Ilala, Dar es Salaam, ni mfano ambao kila jiji la ukanda huu lingefaa kuusoma. Halmashauri ya Jiji ilikopa zaidi ya Sh bilioni 12 kutoka NSSF, mfuko unaotunza akiba za wafanyakazi, ikajenga majengo ya ghorofa yaliyokamilika mwaka 2010. Ilitarajiwa kwamba vizimba vitajaa na pango litalipa deni. Ghorofa za juu hazikujaa. Mteja wa machinga hununua akiwa anapita. Hapandi ngazi kutafuta mkanda wa suruali. Wauzaji wakarudi barabarani, ambako hakuna pango, na riba ikaendelea kuhesabiwa hadi deni likapita mara mbili ya mkopo wenyewe.

Sera nazo hazikusaidia. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya Sh 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ili wasibughudhiwe, na kizimba cha kulipia kikazidi kukosa mvuto. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, machinga waliondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyopangwa. Jengo ni lilelile, lakini thamani ya kizimba ilipanda na kushuka kwa amri. Hakuna benki ambayo ingekubali mpango wa biashara wa namna hiyo.

Kariakoo ilifuata njia nyingine. Soko kuu lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 10, 2021. Serikali kuu ilitenga takriban Sh bilioni 28 kukarabati jengo la zamani na kujenga jipya kando yake. Ugomvi ukawa juu ya nani arudi ndani. Mwaka 2024 baadhi ya waliokuwemo kabla ya moto walilalamika kuwa majina yao hayakuonekana kwenye orodha ya kurejeshwa. Nafasi yenye pango nafuu kuliko la mtaani lazima igombewe, na hapo ndipo huzaliwa kilemba na watu wanaokodi ili wakodishe tena. Ruzuku iliyokusudiwa muuzaji huishia kwa dalali.

Uganda ilikopa Benki ya Maendeleo ya Afrika kupitia mpango wa MATIP, ikajenga masoko ya Jinja, Mbale, Lira, Gulu na Wandegeya mjini Kampala, kisha katika awamu ya pili miji ya mpakani kama Busia na Arua. Deni hilo ni la serikali kuu. Mwenye kizimba hulipa ushuru kwa mamlaka ya mji.

Kwa mgeni anayetafuta nafasi Dar es Salaam, mkataba wa halmashauri uwe na jina la anayekupangisha, la sivyo usitoe kilemba. Uliza pia kama deni la pango la mpangaji aliyetangulia limelipwa. Wasafirishaji waangalie mahali pa kushushia na kama kuna lifti ya mizigo, kwani malipo ya kuli wa kupandisha magunia ghorofani hayamo kwenye pango.