Ziwa Liko Juu

Hesabu za kuzamia zinazotumika duniani, karibu zote, zilianzia usawa wa bahari. Ukiwa Diani au Nungwi hilo halikusumbui. Lakini zipandishe hesabu hizohizo kwenye basi la usiku hadi Busia, shuka nazo Port Victoria, ingia majini, na hapo mambo yanabadilika. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa inayokandamiza uso wake ina nguvu kama asilimia 88 tu ya ile inayokandamiza maji ya Mombasa. Samaki hana habari na hilo. Damu ya binadamu inayo.

Mimi ni mtoto wa Bukhayo, ambako maji tunayoyajua ni ya Mto Sio. Haya yote nisingeyafuatilia kama kifaa fulani kisingefika kwenye kibanda cha fundi wa simu mjini Busia kikiwa kimekufa.

Busia ni mji wa kuvusha vitu. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu miaka ya 1960, watu wakibebwa kwa baiskeli kati ya upande wa Kenya na upande wa Uganda. Vitu vinavyovushwa huharibika njiani, na palipo na vitu vilivyoharibika pana mafundi. Huyu ninayemsema anatengeneza simu, redio, remoti za magari, hata mizani za sokoni. Mimi humsaidia kusoma vitabu vya maelekezo, maana kuandika peke yake hakulipi kodi ya nyumba kila mwezi.

"Kijana, hii ni saa ama ni nini?"

"Ni kompyuta, mzee. Ya kuzamia."

Akaigeuzageuza mkononi. "Kompyuta haina hata keyboard."

Ilikuwa Suunto Vyper, nene kama andazi, mtindo ulioingia sokoni karibu na mwaka 2000 na ambao kiwanda kiliacha kuutengeneza zamani. Mwenyewe ni kaka mmoja anayekagua nyavu za vizimba vya samaki ziwani. Aliinunua mkono wa pili kutoka Pwani. Mtu akizama upande wake wa ziwa, ndiye hupigiwa simu kwanza, kabla ya serikali. Kwa hiyo haikuwa suala la saa ya mapambo kukatika.

Kazi ya kifaa hiki ni rahisi kuieleza kwa soda. Chupa ikiwa imefungwa, gesi imetulia ndani ya kinywaji kwa sababu ya presha. Ifungue polepole, gesi inatoka kistaarabu. Ifungue ghafla, povu linamwagika mezani. Mzamiaji anayepumua hewa ya mtungi chini ya maji anajaza mwili wake naitrojeni namna hiyohiyo. Akipanda polepole, naitrojeni inatoka kwa mapafu. Akipanda haraka inageuka mapovu kwenye viungo, kwenye damu, na kwenye uti wa mgongo, na hapo ndipo mtu huingia majini akitembea akatoka amebebwa.

Wa kwanza kuipigia shida hii hesabu ya kutumika alikuwa John Scott Haldane, aliyefanya kazi kwa ajili ya jeshi la maji la Uingereza. Aliwafungia mbuzi kwenye chemba ya presha jijini London, akawatoa kwa kasi tofauti na kuangalia nani anainua mguu kwa maumivu. Mwaka 1908 yeye na wenzake wawili, Boycott na Damant, walichapisha majedwali yao. Wazo lake bado linaishi: usiuchukulie mwili kama chupa moja, uchukulie kama chupa kadhaa, nyingine zinajaa upesi na kutoa upesi, nyingine zinachelewa. Yeye alitumia tano. Ile ya haraka hujaa nusu kwa dakika 5, ile ya polepole kwa dakika 75.

Kwa miaka mingi mzamiaji alibeba majedwali hayo kichwani au kwenye kibao cha plastiki. Mwaka 1959 kikatokea kifaa cha Kiitaliano kiitwacho SOS, kisicho na umeme wowote, ambacho gesi ilijipenyeza ndani yake taratibu kupitia kipande cha kauri ili kuigiza mwili. Kilikuwa na chupa moja tu, kwa maneno ya Haldane, na wazamiaji walikibandika jina la kejeli lenye kumaanisha mashine ya kukupatia ugonjwa. Kompyuta zenyewe zilikuja mwaka 1983. Marekani walitoa Orca Edge, tofali la kutumia betri ya volti 9. Ulaya wakatoa DecoBrain.

Ndani ya DecoBrain kulikuwa na hesabu za mtu ambaye, kwa maoni yangu, watu wa maziwa yetu wangepaswa kumjua zaidi ya Haldane. Albert Bühlmann alikuwa daktari wa Zürich. Uswisi haina bahari. Ina maziwa ya milimani, na wazamiaji wake waliingia kwenye maji yaliyo juu, kama yetu. Bühlmann hakuweza kujifanya kwamba kila mtu anazamia Portsmouth. Hesabu yake inaanza kwa kuuliza hewa ya hapo juu ya maji ina presha gani leo, ndipo inaendelea na mengine. Toleo lake maarufu lina chupa 16, na mwaka 1987 lilijaribiwa Ziwa Titicaca, Amerika Kusini, karibu mita 3,800 juu ya bahari. Bühlmann alifariki mwaka 1994.

Kwa nini mwinuko unaleta shida? Kwa sababu kinachosababisha povu ni uwiano. Presha ya chini ukilinganisha na presha unayorudi kwayo juu. Ukipanda kutoka mita 30 baharini unarudi kwenye hewa nzito. Ukipanda kutoka mita 30 Ziwa Victoria unarudi kwenye hewa nyepesi zaidi, chupa inafunguliwa zaidi. Hata ukikumbuka kwamba maji ya ziwa hayana chumvi na ni mepesi kidogo, mita 30 zetu mwili unazihisi kama 33 za baharini. Mita tatu zinaonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba majedwali hubana dakika zako kwa kila mita tatu hivi.

Basi, turudi kibandani. Mwenye kifaa alisema kinakula betri. Anaweka mpya, baada ya muda mfupi imekwisha. Tena safari ya mwisho mtu alimuuzia CR2032, ile ya kawaida ya saa na mizani, akaijazia karatasi ya pakiti ya sigara ili ishike. Vyper inataka CR2450. Tarakimu hizo si mapambo: 24 ni upana kwa milimita, 50 ni unene wa milimita 5.0. Ile 2032 ina upana wa 20 na unene wa 3.2. Volti ni zilezile, lakini inacheza ndani kama njugu kwenye kopo, na kompyuta inayozimika ukiwa chini inasahau naitrojeni yote iliyokuwa imekuhesabia. Kwa sababu hiyohiyo hubadilishi betri kati ya mzamio mmoja na mwingine wa siku hiyo. Ukiiwasha upya inakuona mtu msafi, asiyewahi kuingia majini.

CR2450 tuliagiza Luthuli Avenue, Nairobi, ikaja na matatu. Lakini fundi hakuridhika. Betri haifi bure, alisema, kuna kitu kinainyonya. Akachukua testa akaanza kupapasa.

Vyper hujiwasha yenyewe ikiguswa na maji. Ina vipande vya chuma nje, na maji yakiviunganisha inajua imelowa. Vipande vile vilikuwa vimefunikwa na utando wa kijani uliokauka, ule ule unaoota kwenye nyavu za vizimba. Kifaa kilikuwa kimelala kabatini kikidhani bado kiko ziwani, kinaamka na kungoja, usiku kucha. Fundi alinyoosha mkono kuchukua thina, kama afanyavyo kwa simu. Kitabu kinakataza kabisa vimiminika vya aina hiyo kwa sababu vinakula plastiki. Tukatumia maji ya uvuguvugu na mswaki laini wa mtoto, kwa uvumilivu ambao mzee huyu huwa hana kwa wateja.

Ule mpira wa duara unaozuia maji kwenye kifuniko cha betri, oringi, ulikuwa umekauka na una mkwaruzo. Hapa hakuna ujanja. Unene ukikosea hata kidogo, maji yanaingia kwa mita kumi na kifaa ni taka. Fundi alipima kwa kalipa, akapekua kopo lake, akakataa saba, akachukua wa nane, akaupaka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Kiwanda kingesema tutumie wake halisi, na kiwanda kina haki, ila kiwanda chenyewe kiliacha kutengeneza.

Kuna jambo la kuhofia zaidi kwenye mashine zilizozeeka, nalo ni ile inayofanya kazi vizuri huku ikidanganya. Mwaka 2003 kompyuta za Aladin Air X Nitrox zilizotengenezwa mwaka 1995 ziliitwa zirudishwe, kwa kuwa programu yake ilikosea hesabu za muda mzamiaji anaokuwa juu akipumzika. Skrini ilikuwa safi, betri nzima, namba zote zinaonekana. Mtu aliyeinunua mkono wa pili huku kwetu angezisikia wapi habari hizo?

Tulipoiwasha Vyper, kabla hata ya kusherehekea, skrini ilionyesha A0.

Suunto ni kampuni ya Ufini, ilianza mwaka 1936 na dira. Hesabu ya Vyper ilitengenezwa pamoja na Bruce Wienke, mwanafizikia wa maabara ya Los Alamos, na mwinuko inaujali, ila inakutaka uiambie mwenyewe. A0 ni kuanzia baharini hadi mita 300. A1 ni mita 300 hadi 1,500. A2 ni 1,500 hadi 3,000. Aladin za Waswisi zilipima hewa zenyewe na kujirekebisha. Watu wa nchi tambarare waliacha hiyo kazi kwa mteja. Na mteja wa kwanza wa hii yetu alikuwa Pwani, kwa hiyo A0 kwake ilikuwa sawa kabisa. Kubadilisha betri hakufuti mpangilio huo. Ulisafiri salama hadi ziwani.

Nilimpigia mwenyewe simu. "Kaka, umekuwa ukizamia na hii kwa muda gani?"

"Mwaka na nusu hivi. Kwani?"

"Ilikuwa inadhani uko Mombasa."

Alinyamaza. Kisha akaniuliza kama bega la kushoto linaweza kuuma kwa sababu hiyo. Bega ndilo mojawapo ya viungo ambavyo mapovu hupenda. Bega pia huumizwa na kubeba mitungi. Nilimwambia yote mawili, na amwambie daktari ni mzamiaji, kwa sababu daktari asipoambiwa atampa dawa ya kuchua.

Nyavu za vizimba haziendi chini sana. Kutafuta waliozama ndiko kunakotisha, kushuka na kupanda mara nyingi, ndugu wa marehemu wakiwa wamesimama ufukweni wanakuangalia. Eneo letu lina historia ndefu ya kazi hiyo kufanywa kwa vifaa vya kuungaunga. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia wakiwa ndani, wazamiaji walitolewa hadi Afrika Kusini. Likoni, Septemba 2019, gari lililotumbukia kutoka kwenye feri na mama na mtoto wake lilichukua siku 13 kutolewa, kutoka karibu mita 58. Kina hicho ni cha hatari hata kwa mwanamaji mwenye kila kitu. Na hiyo ni baharini, ambako majedwali yanasema kweli.

Tuliiweka A1. Unabonyeza na kushikilia kitufe, dakika moja imekwisha. Mzee alicheka kwamba wiki mbili za kazi zimeishia kwenye tarakimu moja, na kwamba hawezi kumtoza mtu pesa kwa tarakimu. Alimtoza kwa oringi.

Kuipima tulienda ziwani. Kamba yenye fundo kila mita, jiwe chini, Vyper imefungwa juu ya jiwe. Hadi fundo la kumi, ngoja, vuta. Haikuonyesha mapovu ilipokuwa ikishuka, hakuna ukungu ndani ya kioo, na kina cha juu kabisa kilichorekodiwa kilipishana na kamba kwa sentimita chache tu. Mwenyewe aliivaa Jumapili, akafanya kazi yake, akatoka.

Kwenye skrini kulikuwa na alama ndogo ya ndege na saa zinazohesabika kurudi nyuma.

"Hiyo huwa siijali," alisema. "Mimi na ndege wapi na wapi?"

Alama ile inakataza kwenda juu, ambako hewa ni nyepesi na povu lililobaki linaweza kukua. Kwa ndege ndiyo, lakini pia kwa barabara. Ukitoka Busia kwenda Nakuru kupitia Eldoret unapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, zaidi ya mara mbili ya ziwa. Ukienda kupitia Kericho unapanda Mau. Chemba ya kutibu ugonjwa huu iko Mombasa, kwa Jeshi la Wanamaji, na mgonjwa wa ziwani akipelekwa huko kwa gari lazima kwanza apandishwe mlima.

Alikuwa na safari ya Nakuru usiku uleule. Aliangalia skrini, akahesabu kwa vidole, akapiga simu stendi kuuliza kama kuna basi la Jumatatu jioni.