Re:Zero

Re:Zero (kwa Kijapani: Re:Zero kara Hajimeru Isekai Seikatsu) ni mfululizo wa riwaya za njozi kutoka Japani ulioandikwa na Tappei Nagatsuki. Ulianza kutolewa kwenye intaneti mwaka 2012, kisha kama vitabu vyenye michoro ya Shinichirou Otsuka mwaka 2014. Anime yake, iliyotengenezwa na studio ya White Fox, ilianza kurushwa Aprili 2016.

Hadithi

Subaru Natsuki ni kijana anayejikuta ghafla katika ulimwengu mwingine. Hana nguvu za kupigana, lakini kila akifa hurudishwa nyuma hadi wakati fulani asiouchagua mwenyewe. Ni yeye tu anayekumbuka yaliyotokea. Akijaribu kumweleza mtu siri hiyo, mikono ya kivuli huubana moyo wake. Hivyo marafiki aliowaona wakifa hukutana naye tena kama mgeni, na wengine humshuku kwa kujua mambo asiyoweza kuyaeleza. Kurudi nyuma humpa nafasi ya kuwaokoa, lakini hakumwondolei kumbukumbu ya maumivu.

Anime zinazofanana

* Higurashi no Naku Koro ni (2006): mauaji yanajirudia katika kijiji cha Hinamizawa.
* Puella Magi Madoka Magica (2011): msichana anarudia mwezi uleule mara nyingi ili kumwokoa rafiki yake.
* Steins;Gate (2011), pia ya White Fox: marafiki wa Akihabara, Tokyo, wanabadilisha yaliyopita kwa mashine badala ya uchawi.