Katuni, Kumbukumbu na Ushahidi wa Kihistoria katika Maus ya Art Spiegelman

Mjadala kuhusu katuni na fasihi umetawaliwa mno na swali la hadhi: je, katuni zinastahili kuitwa fasihi? Makala haya yanashikilia kuwa swali lenye tija zaidi ni la utendaji: katuni husimulia nini ambacho maandishi pekee hayawezi kukisimulia kwa namna ileile? Maus, kazi ya Mmarekani Art Spiegelman, inatupatia jibu moja lililo wazi.

Kazi hiyo ilianza kutolewa kwa sehemu katika jarida la Raw mwaka 1980, kisha ikachapishwa katika vitabu viwili, mwaka 1986 na 1991. Inasimulia maisha ya Vladek, baba wa mwandishi, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz. Wayahudi wamechorwa kama panya na Wajerumani kama paka. Kitabu cha pili kilipotoka, gazeti la The New York Times lilikiorodhesha miongoni mwa vitabu vya kubuni. Spiegelman alipinga, nacho kikahamishiwa katika orodha ya vitabu visivyo vya kubuni. Kilichobishaniwa hapo hakikuwa mauzo, bali iwapo ushahidi wa manusura hupoteza ukweli wake unapochorwa. Mwaka 1992 Maus ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer.

Ubora wa utanzu huu unadhihirika katika tukio dogo. Mwana anamuuliza baba kuhusu bendi ya wafungwa iliyopiga muziki langoni mwa Auschwitz wafungwa walipokuwa wakipita kwenda kazini, jambo ambalo nyaraka zinalithibitisha. Katika fremu ya kwanza bendi inaonekana. Baba anakana: anachokumbuka ni mwendo wa miguu tu. Katika fremu inayofuata safu ya wafungwa imeiziba bendi, lakini ncha za ala za muziki bado zinachomoza juu ya vichwa vyao.

Mwanahistoria anayetumia nathari angelazimika kueleza ushahidi mmoja kwanza, kisha mwingine, pengine akiufungia mmojawapo katika tanbihi. Mchoro unaziweka nyaraka na kumbukumbu mahali pamoja bila kumwaibisha mzee na bila kuifuta bendi. Uamuzi wa kimaadili kuhusu namna ya kumsikiliza manusura umefanywa kwa kalamu ya mchoraji.

Hoja hii inaigusa pia nadharia ya fasihi ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida huifafanua fasihi kama sanaa itumiayo lugha. Fasili hiyo ikichukuliwa kwa ufinyu, mhakiki atayasoma maneno ya Vladek na kuziacha ncha za ala, ilhali humo ndimo ilimo maana ya tukio. Hata hivyo, jamii ya Waswahili imezoea kuisoma kanga kwa michoro na jina lake kwa pamoja. Kwa hiyo uhakiki wa katuni unahitaji kuanzia kwenye fremu nzima.