Fisi wa Ngorongoro alivyovuliwa jina la mla mizoga

Kwa miaka mingi, aliyeteremka kreta ya Ngorongoro alfajiri akitokea Karatu alikuta jambo lilelile: simba kaulalia mzoga wa pundamilia, fisi wamemzunguka wakisubiri masazo. Hukumu ikatolewa hapohapo. Simba ni mwindaji, fisi ni mla mizoga.

Hukumu hiyo ilianza kuyumba mwaka 1964, Hans Kruuk, mtafiti kutoka Uholanzi, alipoanza kuwachunguza fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro. Yeye aliwafuata usiku, kwenye mbalamwezi. Aliwaona wakitoka kwa kundi, wakimkimbiza nyumbu au pundamilia hadi kumwangusha. Kelele zao za kugombea nyama ziliwavuta simba, nao wakaja kupora. Kulipokucha, mwenye windo ndiye aliyekuwa kando akimeza mate.

Kruuk alitangaza matokeo yake ya kwanza katika jarida la Nature mwaka 1966, na kitabu chake kikatoka mwaka 1972. Alionyesha kwamba fisi wa kreta huishi kwa koo zinazolinda mipaka yao, na sehemu kubwa ya chakula chao huiwinda wenyewe. Serengeti, ambako nyumbu huhamahama, mizoga ilichukua nafasi kubwa zaidi katika mlo wao. Mnyama ni yuleyule. Riziki hufuata mahali.

Wanabiolojia walikuwa wameshapitia somo kama hilo kwa viumbe wadogo kabisa. Iliaminika kwamba nishati ya uhai wote chanzo chake ni jua, mpaka miaka ya 1880 Mrusi Sergei Winogradsky alipochunguza bakteria wanaopata nishati kutoka kwenye salfa. Mwaka 1892 Mjerumani Albert Bernhard Frank akabuni jina la viumbe wanaojitengenezea chakula. Mwaka 1946, katika mkutano wa Cold Spring Harbor, Marekani, ukapendekezwa mpangilio wa maswali makuu mawili. Kiumbe hupata nishati kwenye mwanga au kwenye kemikali? Anajitengenezea chakula, au anategemea kilichotengenezwa na wengine?

Tukiyauliza maswali hayo ndani ya kreta, nyasi huanguka fungu moja na bakteria wa kijani-samawati wa Ziwa Magadi, ambao ni chakula cha heroe wadogo: wote hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Heroe, nyumbu, tumbusi, fisi na simba wote ni fungu la pili, la wategemezi. Hakuna safu ya mfalme wala ya mwizi.

Tangu mwaka 1996 watafiti wa Taasisi ya Leibniz ya Berlin wanazifuatilia koo za fisi wa kreta kizazi baada ya kizazi. Fisi huyo anastahili kutambulishwa kwa wageni kwa kazi yake halisi: mwindaji.