Penye Miti Hakuna Majina

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Sikupata kuutilia shaka usemi huo hadi Julai moja nilipovuka bahari kwenda Dar es Salaam, nikaingia viwanja vya Sabasaba, kule Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa. Nilikuta miti tele na wajenzi wake tele. Kilichokosekana kilikuwa majina.

Sikwenda kutazama matrekta wala majokofu. Nilikwenda kwenye mabanda madogo yanakouzwa miche, mitishamba, mikeka, vikapu vya ukindu na sabuni ya mwarobaini. Yeyote anayependa bustani hupotewa na saa mahali kama hapo. Katika banda moja alikaa bibi wa makamo ya kina bibi zetu, mwenyeji wa Uluguru kwa kuzaliwa na wa Kibamba, katika Ubungo, kwa makazi. Mbele yake alitandika mkeka, na juu ya mkeka amepanga mizizi iliyofungwa kwa kamba za mgomba, magome, majani makavu, mchaichai, mbegu za mlonge, na chupa za unga wa rangi mbalimbali. Mjukuu wake, msichana wa shule, alikuwa akibandika karatasi juu ya chupa. Nilizisoma moja moja: Tumbo. Kifua. Mgongo. Sukari.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba, baba. Karibu."

Niliushika mzizi mmoja mwekundu nikamwuliza ni mti gani. Alinijibu kwa Kiluguru, neno moja, fupi, tamu kutamkwa. Nikauliza Kiswahili chake. Bibi alicheka kidogo. "Kiswahili chake si hicho kilichoandikwa hapo, baba? Dawa ya tumbo."

Kazi yangu ni kufasiri, na jibu lile lilinichoma. Mti ulikuwa na jina. Ulisafiri nalo kutoka milimani hadi mjini, na palepale ulipowekwa hadharani ili usifiwe, jina likabaki mdomoni mwa mzee na karatasi ikaandikwa ugonjwa. Mjukuu aliyeshika kalamu hakuliandika lile neno. Hakuna aliyemwomba aliandike.

Msomaji atauliza: kwani jambo hili ni jipya? Si jipya, na ndiyo sababu nimeona lina haki ya kuelezwa kwa tarehe zake.

Tuanze na mwaka 1893. Mwaka huo, katika Dar es Salaam ya Wajerumani, Franz Stuhlmann alianzisha bustani ya mimea ambayo masalio yake yangalipo katikati ya jiji. Haikuwa bustani ya kupumzikia. Ilikuwa mahali pa kujaribia mimea ya biashara, ijulikane upi utastawi na upi utaleta fedha. Mwaka uohuo, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, kulifanyika maonyesho makubwa ya bustani, na miongoni mwa vilivyoshangiliwa kilikuwa kijiua cha zambarau kilichotoka upande wa Usambara. Mtawala wa Kijerumani, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao, na mtaalamu Hermann Wendland akakiita Saintpaulia, kwa heshima ya baroni. Ua hilo limeenea ulimwenguni. Wamarekani walilifanyia maonyesho yake peke yake mjini Atlanta mwaka 1946, na wapenzi wake wana vyama na mashindano hadi leo. Majina liliyopewa kila lilikofika yanazidi kumi. Jina ambalo mchunga mbuzi wa Usambara aliliitia ua hilo kabla ya baroni kuliona, nani aliuliza pale Ghent?

Hata hivyo si haki kusema kwamba wageni wote walipuuza. Hapa kwetu Unguja, John Kirk, aliyefika mwaka 1866 kama tabibu na baadaye akawa balozi wa Uingereza, alipanda bustani Mbweni na kupeleka mimea mingi katika bustani ya Kew. Padri Charles Sacleux, aliyefanya kazi Bagamoyo na Unguja, alikusanya mimea kwa bidii ileile aliyokusanyia maneno. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, imejaa majina ya miti pamoja na majina yake ya kisayansi. Kule Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Hapo ndipo P. J. Greenway alipoandaa orodha ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza, ambayo chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1940. Karibu nasi zaidi, mwaka 1995, Bernd Heine na Karsten Legère walichapisha Ujerumani kitabu kizima juu ya mimea ya Waswahili.

Tazama, basi, hali yetu. Anayetaka kujua kwa hakika mti aliopandiwa na nyanya yake unaitwaje sharti asome Kifaransa au Kiingereza. Akifungua kamusi zetu wenyewe, mara nyingi atakutana na maneno matatu: aina ya mti. Mimi sikusomea chuo. Shule yangu ilikuwa kamusi. Maneno hayo matatu yamenifungia mlango mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Mshairi anahitaji kujua kama mti una kivuli au hauna, kama ua lake linanukia usiku au mchana. Mpishi naye anahitaji kujua kama jani linalika, na mgonjwa kama mzizi unaua.

Hilo la mwisho si mzaha. Huku visiwani tunao mbarika. Bara wapo wauitao mmea huohuo mnyonyo, na wapo wauitao mbono. Lakini mbono, kwa wengine, ni mbono kaburi, mmea wa pili, jamaa wa ule wa kwanza, unaopandwa kuwa ua na kuzungushiwa makaburi. Mtaalamu wa mimea huuita wa kwanza Ricinus communis na wa pili Jatropha curcas. Mbegu zote mbili, zikitafunwa, ni sumu, ila sumu zake ni mbali mbali, na matumizi ya majani na utomvu wake pia ni mbali mbali. Mtu wa Pemba na mtu wa Dodoma wakipeana dawa kwa jina hilo moja, wanapeana nini?

Na hapa ndipo Ubungo inapoingia katika habari hii. Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010 ikawa wilaya, ilikuwa mlango wa jiji kabla ya hapo na hata baada yake. Hadi mwaka 2021, mabasi yalipohamishiwa Mbezi Luis, asafiriye kwa basi kutoka bara aghalabu alishukia Ubungo. Walishuka na mizigo yao, na ndani ya mizigo mkiwamo mbegu, vipandikizi, mizizi na magome. Kila kabila lilifika na jina lake. Wengi walijenga Kimara, Mbezi na Kibamba, penye mabonde yaliyokuwa na minazi, mikorosho na vichaka. Vichaka vikawa viwanja, viwanja vikawa nyumba, na ua wa nyumba ukawa bustani ya mwisho.

Juu ya eneo hilohilo kinasimama kilima cha Mlimani, ambako Chuo Kikuu kilihamia mwaka 1964. Kilimani hapo zipo hazina mbili. Moja ni ghala la mimea iliyokaushwa la wanabotania, ambamo jani hubandikwa karatasini na kuandikiwa lilikochumwa, lini na nani. Ya pili ni taasisi ya Kiswahili, iliyoitwa TUKI na tangu mwaka 2009 huitwa TATAKI, ambayo mwaka 1981 ilitupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Jani lipo katika nyumba moja, neno katika nyumba ya pili, na baina yao ni mwendo wa miguu. Bibi wa Kibamba alipita chini ya kilima hicho na mizigo yake, akielekea Temeke, na majina yote kichwani.

Sisemi kwamba Serikali imelala. Muhimbili kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, nacho kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza lake likaundwa. Tangu mwaka 2003, tarehe 31 Agosti, Afrika huadhimisha Siku ya Tiba Asili, na waganga hutoka na dawa zao hadharani. Hayo ni maendeleo, kwani kilichofichwa sasa kinaonyeshwa. Walakini kuonyesha chupa si kuonyesha mti. Dawa iliyosagwa na kuandikwa "Sukari" haimfundishi mtoto kitu. Haijui tena msitu uliomzaa mama yake, na mtoto akikua hataweza kuupanda mti huo upya, maana hatajua aagize nini.

Nafikiri maonyesho yetu yangeweza kufanya kazi ambayo kamusi imeshindwa. Siku moja kwa mwaka, Ubungo, Temeke au huku kwetu Kizimbani, kila mwenye banda aombwe kuleta tawi lenye majani, na ikiwezekana ua lake, pamoja na unga wake. Vijana wa shule waandike: jina kwa lugha ya nyumbani, jina kwa Kiswahili, mahali ulipochumwa, na mwenye kulijua jina hilo. Wa Mlimani waje na karatasi zao za kukaushia. Msusi wa ukili aseme kwa nini huchagua ukindu kwa mkeka na miyaa kwa kapu, na mfungaji wa vikuba aeleze nafasi ya mrehani karibu na asumini. Jina lisilokuwa na Kiswahili lisitungiwe haraka. Litamkwe kwanza kama lilivyo. Mwarobaini nao ulikuja kutoka Bara Hindi bila jina letu. Watu waliuishia, wakauchemsha, wakahesabu maradhi arubaini, na jina likaota lenyewe.

Yabaki maungamo. Nilipoondoka pale bandani nilinunua ule mzizi mwekundu na kikapu kidogo. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilijiambia kwamba neno fupi kama lile halisahauliki, nikaenda kupanda daladala. Nilipofika Unguja kesho yake, nikafungua daftari, nikakuta sina ila ladha ya sauti yake. Mzizi ninao bado, mezani, umekauka na rangi imefifia. Julai iliyofuata nilirudi Sabasaba nikazunguka mabanda yote ya nyuma. Wauza mitishamba walikuwapo wengi. Bibi hakuwapo.