Kukonda Bila Sababu ya Wazi

Kukonda bila sababu ya wazi ni kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia. Kwa Wamaza wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ni haki kufikiria kwanza njaa, kifua kikuu na UKIMWI. Lakini kuishia hapo ni kuwanyima tiba wengi wanaotibika. Swali linalofungua njia ni hamu ya kula. Anayekula bugali na sombe kwa hamu na bado anakonda huenda ana kisukari, hasa akikojoa sana na kuona kiu. Au chakula hakifyonzwi, kwa sababu ya minyoo, giardia au kongosho bovu. Au tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Hii ya mwisho husahaulika mno. Muhogo usiolowekwa vizuri huizuia tezi kupata iodini, rovu huota, na baada ya miaka vinundu vyake vinaweza kukaidi amri ya mwili. Iodini ikija ghafla, homoni hufurika: hali hiyo iliripotiwa Kivu mwaka 1996 baada ya chumvi yenye iodini kuenea. Chumvi hiyo isiachwe, maana inalinda ubongo wa watoto. Wengine watasema vituo vya afya havina kipimo cha homoni. Ni kweli, ila mapigo ya moyo ya haraka, mikono inayotetemeka na kutokwa jasho huonekana bila mashine, na sukari ya mkojo hupimwa kwa kijikaratasi.